Tukae Wapi? Kuchagua Viti vya Jamaa kwenye Onyesho lenye Chakula cha Usiku

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa: kabla ya kipindi kuanza, tafadhali chora ubaoni ukumbi wenye jukwaa, meza kumi na mbili za mviringo, nguzo mbili na milango mitatu.)

Katika masomo yaliyopita tulisoma stakabadhi ya duka na tikiti ya basi. Leo tuna karatasi nyingine ndogo, nayo ni tikiti ya onyesho. Kuisoma si kazi ngumu. Kazi iko kabla ya kuinunua, pale mwuza tikiti anapokuuliza, "Bwana, mtakaa wapi?"

Yako maonyesho ambayo watu hula huku wakitazama. Hoteli nyingi za mijini na za pwani huandaa usiku wa ngoma, sarakasi na vichekesho. Mtu hulipa mara moja, na malipo hayo ni ya chakula na michezo pamoja. Huko Marekani jambo hili limekuwa biashara kubwa. Katika jimbo la Florida, penye viwanja vya Walt Disney World, kuna onyesho liitwalo Hoop-Dee-Doo Musical Revue lililoanza mwaka 1974. Watu huketi katika jumba la mbao, huletewa kuku wa kukaanga na mbavu za kuchoma, na wachezaji huimba na kufanya mzaha mbele yao. Viti vya jumba hilo vimegawanywa katika madaraja matatu ya bei, kuanzia vya chini karibu na jukwaa mpaka vya roshani na pembeni. Lakini chakula ni kile kile kwa wote. Aliye roshani hula kuku yule yule anayeliwa na aliye mbele.

Hapo tusimame kidogo. Kama chakula ni kimoja, basi ile fedha ya ziada unayolipa ni ya mahali tu. Unanunua mahali. Na mtu anunuaye kitu hana budi kukijua. Ukienda sokoni kununua mbuzi, unamshika mgongo na kumtazama meno. Kiti je? Wengi wetu tunauliza neno moja tu, "Ni cha mbele?" Tukiambiwa ndiyo, tunatoa fedha.

Nami nilifanya hivyo. Nilikuwa na stashahada ya chuo kikuu mfukoni, na bado nilifanya hivyo. Miaka michache iliyopita niliwapeleka jamaa zangu kwenye onyesho katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Tulikuwa sita: mama yangu mzazi aliyetoka kijijini kututembelea, mke wangu, mimi, na watoto watatu, mdogo wao akiwa na miaka minne. Nilitaka mama apate heshima. Nikalipa bei ya juu, tukapewa meza ya mbele kabisa, upande wa kushoto wa ukumbi. Mama nikamkalisha kiti kilicho karibu zaidi na jukwaa.

Yule mtoto wa miaka minne aliziba masikio ngoma ya kwanza ilipolia, kwa sababu spika kubwa ilikuwa hatua nne kutoka kichwani pake. Alilia mpaka mama yake akamtoa nje, na nusu ya onyesho mke wangu aliitazama kupitia kioo cha mlango. Mama yangu alikaa kimya, akacheka kila watu walipocheka. Tulipofika nyumbani nikamwuliza kama amefurahi. Akanijibu, "Mwanangu, chakula kilikuwa kizuri sana." Kisha baada ya kitambo akaniuliza taratibu, "Yule mtu mfupi mwenye kofia alikuwa akisema nini?"

Hakuwa amesikia hata kichekesho kimoja. Alikuwa akicheka ili nisione haya.

Sasa nitawaeleza kosa langu lilikuwa wapi. Mama yangu hasikii kwa sikio la kulia tangu utoto wake. Tazameni picha ubaoni. Mtu akikaa upande wa kushoto wa ukumbi na kutazama mbele, jukwaa liko mbele yake kwa upande wa kulia. Basi sikio lake la kulia ndilo linaloelekea kwenye maneno, na la kushoto linaelekea ukutani. Mimi nilikuwa nimelielekeza jukwaani sikio lililokufa, na sikio zima nimelipa ukuta.

Huenda mtu akauliza: lakini sauti haizunguki? Huzunguka, lakini si zote kwa namna moja. Sauti nzito, kama ya ngoma kubwa, huzunguka kichwa cha mtu kwa urahisi. Sauti nyembamba hukingwa na kichwa, kama vile mwili unavyokinga mwanga wa taa na kuacha kivuli. Na katika maneno ya binadamu, herufi kama s, t, f na k ni sauti nyembamba. Mtu wa hali ya mama yangu husikia mvumo wa kusema, lakini hapati herufi. Anajua kwamba mtu anasema, ila hajui anasema nini. Kuongeza nguvu ya spika hakumsaidii sana, kwa kuwa kinachoongezeka zaidi ni ule mvumo.

Dawa yake haina gharama. Asiyesikia kwa sikio la kulia akae upande wa kulia wa ukumbi, ili jukwaa liwe kushotoni kwake. Asiyesikia kwa la kushoto akae kushoto. Mwaka uliofuata nilimpeleka mama tena mahali pale pale. Nikanunua kiti cha bei ya kati, upande wa kulia, meza ya nne kutoka jukwaani. Safari hii alicheka kabla yangu.

Kabla hatujaacha habari ya masikio, neno juu ya watoto. Sauti hupungua upesi unapojitenga nayo. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayokufikia hubaki robo. Ndani ya jumba kuta hurudisha sauti, kwa hiyo upungufu ni mdogo kuliko huo, lakini hatua kumi mbali na spika ni tofauti kubwa na hatua mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo kwamba katika kumbi za muziki wastani wa sauti usizidi desibeli 100, na hiyo si sauti ndogo hata kidogo. Huwezi kwenda na kipimo mfukoni. Lakini unaweza kutazama spika zimewekwa wapi, na kumwambia anayekupokea, "Tafadhali, bwana, tuna mtoto mdogo, tusogeze."

Sasa twende kwenye macho. Hapa ndipo penye imani kubwa ya kwamba mbele ni bora. Kwa vichekesho na maigizo ni kweli, kwa kiasi chake. Ili uone mtu amekunja uso au ametabasamu, usiwe mbali kupita mita 20 hivi. Zaidi ya hapo unaona mwili, huoni uso. Lakini kwa ngoma mambo ni mengine. Ngoma zetu nyingi zinachezwa kwa miguu na kiuno. Kama jukwaa limeinuliwa kupita usawa wa macho yako, nawe umekaa chini kabisa mbele yake, unaona magoti na vichwa, lakini nyayo zinakatwa na ukingo wa jukwaa. Huoni pia jinsi safu za wachezaji zinavyopishana na kufanya duara. Mtu aliye nyuma kidogo, au juu roshani, anayaona hayo yote. Mimi binafsi, kwa ngoma, nipeni roshani.

Ziko pia kumbi za duara, ambamo uwanja uko katikati na viti vinapanda ngazi kwa ngazi kuuzunguka. Bomas of Kenya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1971 karibu na Nairobi, ilijengewa ukumbi wa namna hiyo wa kuchezea ngoma, wenye nafasi ya watu 3,500 hivi. Huko Marekani kampuni ya Medieval Times, iliyofungua jumba lake la kwanza nchini humo mwaka 1983, huonyesha michezo ya wapanda farasi katika uwanja wa mchanga. Watazamaji hukaa pande zote na kula kwa mikono, na kila upande hupewa rangi ya mpanda farasi wake wa kumshangilia. Katika ukumbi wa namna hii viti vya juu si vya kudharauliwa, kwa sababu ngazi humwinua kila mtu juu ya kichwa cha aliye mbele yake. Shida yake ni kwa wazee, maana ngazi hizo hazipandwi bila magoti.

Kwenye sakafu iliyo sawa, mambo hugeuka. Macho ya mtu mzima aliyekaa kitini yako kiasi cha mita 1 na sentimita 20 kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka sita macho yake yako chini ya hapo, kwenye usawa wa mabega ya watu wazima. Basi mtoto huyo hatazami onyesho. Anatazama mgongo wa bwana aliye mbele. Kwa mtoto, kiti kilicho ukingoni mwa ujia ni bora kuliko kiti cha katikati kilicho karibu zaidi, kwa sababu katika ujia hakuna mgongo wa mtu.

Ila kuna jambo. Katika onyesho lenye chakula, ujia ndio barabara ya wahudumu wa meza, nao hubeba supu ya moto juu ya vichwa vya watoto katika giza. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita au saba akae ukingoni, na mdogo zaidi, yule asiyetulia, awekwe ndani kati ya watu wazima wawili, au apakatwe. Akichoka na kulia, mama yake hutoka kwa kupita mtu mmoja tu, si meza nzima.

Nusu ya shida zote inatoka kwenye meza ya mviringo. Meza ya watu wanane ni nzuri kwa mazungumzo, lakini weka jukwaa upande mmoja wake uone kitakachotokea. Watu watatu au wanne watalipa mgongo. Wakitaka kutazama watageuza viti, na chakula chao kitabaki nyuma yao. Kama ninyi ni sita na meza ni ya wanane, ombeni viti viwili vinavyoelekeza mgongo jukwaani viondolewe. Nimeomba hivyo mara nyingi na sijakataliwa. Kama meza ni ndefu, nanyi mmekaa pande mbili mkitazamana, basi shingo za wote zitaelekea upande mmoja kwa saa mbili. Mzee mwenye maumivu ya shingo apewe upande ambao kugeuka kwake ni kwepesi. Mwulize kwanza, usimchagulie.

Na katika kukaa meza moja, desturi zetu nazo zina haki yao. Katika makabila mengi mkwe hali uso kwa uso na mama mkwe wake. Usimtese kijana wa watu kwa kumkalisha mbele ya mama wa mkewe mbele ya bakuli la supu. Wapeni meza mbili jirani, au wakae upande mmoja na mtu kati yao. Vivyo hivyo kwa wapenzi wa taarabu. Kule Zanzibar, ambako chama cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka akaenda kumtunza mwimbaji. Bibi anayependa kutunza akikalishwa ukutani, nyuma ya magoti ya watu kumi, ataudhi safu nzima kila wimbo. Mpeni ukingo wa ujia apite kwa raha zake.

Sasa nitasema juu ya jambo ambalo halimo kwenye tangazo lolote la onyesho.

Usiku wa Jumamosi, tarehe 28 Mei 1977, katika mji wa Southgate, jimbo la Kentucky huko Marekani, watu walikuwa wakila na kutazama michezo katika jumba lililoitwa Beverly Hills Supper Club. Moto ulianza katika chumba kidogo upande wa mbele wa jengo. Katika ukumbi mkubwa wa nyuma watu zaidi ya elfu moja hawakujua lolote. Walikuwa wakiwatazama wachekeshaji. Kijana wa miaka 18, Walter Bailey, ambaye kazi yake ilikuwa kuondoa vyombo mezani, alipanda jukwaani, akatwaa kipaza sauti, akawaambia watu kuna moto, akawaonyesha milango ya kutokea. Wengi walitii wakaokoka. Wengine walidhani ni sehemu ya mchezo, wakabaki vitini. Muda mfupi baadaye moshi ukaingia. Watu 165 walikufa, wengi wao wakiwa wa ukumbi ule. Uchunguzi ulionyesha kwamba watu walikuwa wengi kuliko milango ilivyoweza kupitisha, na meza na viti vya ziada vilikuwa vimejazwa mpaka njiani.

Karibu miaka 35 kabla ya hapo, mwezi Novemba 1942, watu 492 walikufa kwa moto katika jumba la Cocoanut Grove mjini Boston. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka, ukajaa watu ukakwama, na milango mingine ilikuwa imefungwa.

Siwasimulii haya ili mwogope kwenda kwenye maonyesho. Mimi nakwenda. Nawasimulia kwa sababu mtu anapoogopa hukimbilia mlango alioingilia, hata kama mlango mwingine uko hatua tano nyuma yake. Kwa hiyo ukishakaa, kabla ya supu kuletwa, tafuta mlango wa pili. Ikiwa kusoma kwako bado ni kwa polepole, tafuta taa ya kijani yenye picha ya mtu akikimbilia mlangoni. Picha hiyo hutumika katika nchi nyingi, na maana yake ni hiyo hiyo kila mahali. Hesabu meza zilizo kati yako na mlango huo. Hesabu kwa vidole, kwa sababu penye moshi macho hayafai kitu, lakini mkono unaweza kugusa migongo ya viti, moja, mbili, tatu, mpaka mlangoni. Moshi hupanda juu, kwa hiyo inama. Waonyeshe watoto mlango huo, na ukubaliane na mwenzako nani atamshika mtoto yupi na nani atamshika bibi.

Na ukiambiwa, "Meza zimejaa, lakini tutawawekea viti hapa njiani," sema asante, rudi nyumbani. Kiti kilichowekwa njiani kimewekwa juu ya njia yako ya kutoka na ya watu wengine wote.

Imebaki hesabu, nayo ni fupi. Tuseme kiti cha mbele ni shilingi 60,000, cha kati 45,000, na cha pembeni au roshani 35,000. Hizi si bei za mahali fulani, ni za kufanyia hesabu tu. Jamaa sita wakikaa mbele watalipa 360,000, kati, 270,000, pembeni, 210,000. Tofauti ya mbele na pembeni ni shilingi 150,000. Uliza pia kama watoto wana bei yao, na kama mtoto anayepakatwa hulipiwa. Kwenye lile onyesho la Florida, mtoto aliye chini ya miaka mitatu halipiwi. Wako wauza tikiti wasiosema habari hiyo mpaka waulizwe.

Ukipewa tikiti, isome pale pale dirishani, usiisome nyumbani. Tafuta mambo manne: tarehe, saa, safu au nambari ya meza, na nambari ya kiti. Linganisha nambari hiyo na picha ya ukumbi iliyobandikwa hapo. Kama meza yako iko nyuma ya nguzo, picha itaonyesha. Na kama huelewi picha, mwombe mwuza tikiti aweke kidole chake juu ya meza yako. Usione haya kwa walio nyuma yako katika foleni. Fedha ni yako.

Haya, kalamu mkononi. Katika picha iliyo ubaoni, spika ziko pembe mbili za jukwaa, na milango iko mmoja mbele, mmoja nyuma na mmoja upande wa kulia. Jamaa wanaokuja ni hawa: babu asiyesikia kwa sikio la kushoto na ambaye magoti yanamwuma, baba, mama mwenye mtoto wa miaka miwili, msichana wa miaka saba, na kijana wa miaka kumi na sita apendaye ngoma. Chagueni meza, andikeni nambari yake, kisha andikeni jina la kila mtu kwenye kiti chake. Chini yake andikeni ni mlango gani watatokea, na kuna meza ngapi mpaka hapo. Mtagundua kwamba babu na mlango wa kulia hawapatani; jadilianeni, mwalimu asiwape jibu mapema.

Kwaherini.